Udongo Mweusi Mlangoni mwa Banda la Gemu

Kabla sijaanza, wajukuu zangu, nionyesheni mikono. Mnacheka. Mnadhani bibi yenu kazeeka na sasa anakagua watu kama mwalimu wa zamu. Vijana wa miaka ya tisini hawakucheka. Walinyoosha viganja mlangoni kwangu, wakavigeuza nikaona na upande wa pili, ndipo wakaingia. Aliyeficha mikono nyuma alikaa nje akisikiliza wenzake wakishangilia.

Mimi ndiye yule waliyemwita Mama Gemu. Jina la ubatizo ni Yustina, na kwetu ni Mahenge, lakini Ifakara ya wakati ule ukimuulizia Yustina utaulizwa Yustina yupi. Ukimuulizia Mama Gemu, hata mtoto anayejifunza kutembea angekuelekeza: pita soko, fuata mlio wa mashine ya kukoboa mpunga, banda la matete lililoegemea ukuta wa mashine ndilo hilo. Kazi yangu ilikuwa kuchezesha watu gemu kwenye televisheni. Ninyi mnacheza kwenye simu mmelala kitandani, kila mtu na lake, wala hamsemeshani. Kwetu gemu ilikuwa kazi ya umma. Mmoja anacheza, wa pili anashikilia waya uliolegea, wa tatu anaigonga televisheni mgongoni, na waliobaki wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Sikuisomea kazi hiyo. Nilikuwa nauza vitumbua stesheni. Kaka yangu Beda alikuwa mtu wa reli, kambi yake Mlimba, na safari moja alirudi kutoka upande wa Zambia na televisheni yenye kisogo kirefu, mashine ya gemu, pedi mbili za kushika mkononi, na kaseti za plastiki ngumu, kila kaseti na mchezo wake. Alikusudia kufungua banda kule kule Mlimba. Kabla hajapata hata fito za kujengea akahamishiwa kituo cha mbali, akaniteremshia mzigo wote Ifakara. Akanionyesha pa kuchomeka, akanionyesha pa kuwashia, treni ikapiga honi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu.

Mengine yote nilifundishwa na fundi Masanja. Huyu alikuwa Msukuma, alishuka bondeni akifuata ng'ombe wa mjomba wake, na baada ya masika moja ya kusukumana nao kwenye matope akaamua kwamba mnyama asiye na skrubu hamfai. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Aliniita mayu, ndivyo wanavyomwita mama kwao, ingawa tulikuwa karibu rika moja. Nami sikumkatalia, kwa sababu mtu akikuita mama huona haya kukutoza sana.

Siku ya kwanza niliyompelekea mashine, nilikuwa nimefanya kosa la watu wa huku. Sisi wa bondeni tuna ugonjwa mmoja: kitu cha thamani tunakificha kwenye mpunga. Ndizi za kuivisha, nguo ya Komunyo, chupa ya dawa, vyote vinazikwa humo. Masika yalipoanza na maji yakaanza kuchungulia chini ya ukuta wa banda, nikaifunga mashine kwenye kanga na kuizamisha ndani ya gunia la mpunga, nikaenda zangu shambani kama walivyokwenda watu wote. Nilijua mpunga unanyonya unyevu. Sikujua unatoa nini.

Nilipoitoa ikawaka taa na kuishia hapo. Masanja akafungua skrubu, akaigeuza juu ya gazeti, akaigonga kidogo. Zikadondoka punje za mpunga, vumbi la makapi, na nyuma yake wakatoka fukusi wakitembea kwa utaratibu kama watu wanaotoka kanisani. Masanja akawatazama mpaka wa mwisho alipopita.

"Mayu," akasema, "hii ulitaka icheze au iote?"

Alinitania kwa hilo mpaka tulipozeeka. Lakini aliisafisha, na siku hiyo hiyo akanifundisha jambo ambalo mpaka leo natamani kila mtu alijue. Kaseti ikigoma, usiipulize. Watu wote duniani, sijui nani aliwafundisha, kaseti ikigoma huichomoa, huiweka mdomoni na kuipuliza kama wanapoza uji. Pumzi ina maji. Inashika leo, kesho inaota kutu. Chukua pamba, chovya kwenye spiriti, pangusa meno ya shaba taratibu kwenda upande mmoja, acha ikauke, rudisha. Spiriti ikikosekana, Masanja alitumia gongo kali, ile ambayo nisingependa kusema aliitoa wapi. Mzee mmoja mlevi alipita akamkuta akiimimina kwenye pamba. Alisimama, akavua kofia, akakaa nayo kifuani mpaka chupa iliporudishwa kizibo.

Umeme nao ulikuwa na tabia zake, na tabia zenyewe zilitoka kwa jirani. Mashine ya kukoboa ikiwashwa, umeme wote wa mtaa ulikimbilia kule. Picha ya televisheni ilisinyaa kuanzia pembeni, na gemu ikaanza upya, hata kama ulikuwa unakaribia kumaliza. Msimu wa mavuno vijana waliumia sana. Mwishowe nikapatana na mtu wa mashine: kabla hajawasha, agonge bati la ukuta. Likigongwa tu nalia "Bati", na aliyeshika pedi anakimbilia kumaliza alichonacho. Kuna kijana alizoea hivyo mpaka radi ikipiga alikuwa anaruka kutafuta pedi.

Sasa kuhusu gemu zenyewe. Watu wanadhani gemu ni gemu. Mimi ningeweza kukuambia mtu anacheza nini kwa kumtazama mgongo. Wa magari hakai wima. Kona ya kushoto analala kushoto, kona ya kulia analala kulia, na benchi langu halikuwa na ustahimilivu huo. Walikuwa wakidondoka safu nzima. Wa ngumi anauma meno, na ndiye adui wa vifungo vya pedi, kwa maana anaamini akikibonyeza kifungo kwa hasira ngumi nayo itakuwa nzito. Wa mpira hachezi kimya, lazima atangaze mwenyewe. Wa kupanga matofali walikuwa akina mama wanaotoka sokoni. Waliingia kwa kisingizio cha kupumzisha mzigo, wakayapanga yale matofali yanayoshuka kutoka juu kama wanavyopanga mafungu ya nyanya, na hakuna kijana aliyewafikia. Kisha kulikuwa na gemu ya ndege za vita, zinakuja kwa makundi kutoka juu nawe unazilenga kutoka chini. Hiyo ndiyo iliyoniletea matatizo, na nitaisema.

Lakini kwanza nimtaje mvuvi wa kijiji cha Mofu, maana yeye ndiye mwanzo wa sheria ya mikono. Nilipopata mashine ya pili, alikuwa akija siku za soko na samaki wake, akiuza, kisha anakuja kucheza ile gemu ya safari ndefu, mtu mmoja anapita misitu na mapango akitafuta funguo. Gemu ile haikuwa na namna ya kuhifadhi ulipofikia. Basi akiondoka, tulizima televisheni tu, mashine tukaifunika kitambaa ikabaki imewaka, ikimngoja mpaka soko lijalo. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Siku moja umeme ukakatika mchana kweupe. Nikamngoja kwa hofu kama mtu anayetaka kutoa habari ya msiba. Aliposikia alitikisa kichwa kidogo tu. "Hata mtumbwi huzama, mama," akaniambia. "Washa tuanze upya."

Mtu mwungwana, ila mikono yake ilikuwa na utelezi wa kambale. Alipoondoka siku hiyo, paka wa sokoni akaingia, akaikuta pedi inanukia samaki, akaing'ata na kuondoka nayo, waya ukiburutika nyuma na mashine ikifuata waya. Tangu hapo nikaweka ndoo na kata mlangoni. Hakuna kuingia bila kunawa. Nilikuwa mkali kwa hilo kuliko padri kwa watu wanaochelewa Misa.

Kumbukeni hilo la kunawa, kwa sababu ukafika mwaka nikalipindua.

Ninyi mmekulia mjini, basi niwaeleze. Mpunga ukianza kuweka maziwa, kabla haujakomaa, ndege wanaujua kabla yako. Kwelea wanakuja kundi juu ya kundi, na suke wanalolifyonza linabaki mapepe matupu, ukiliponda hutoki na kitu. Ndiyo maana watu huhamia mashambani na kujenga dungu, kijukwaa cha miti chenye paa la nyasi, na mtu hukaa juu yake kuamia, yaani kufukuza ndege. Anaanza kabla jua halijachomoza. Unafinyanga kidonge cha udongo, unakichomeka kwenye ncha ya fimbo inayonesa, unakirusha. Kelele pekee haiwatoshi, lazima kitu kiwapite karibu. Kazi hiyo ni ya vijana, na haina Jumapili. Mwaka ninaousema, vijana waliteremka kwenye madungu na kuja kwangu.

Sikuliona. Nililiona banda limejaa, nikashukuru Mungu. Kila siku kwenye gemu ya ndege alikuwa amekaa Deo, kijana mrefu aliyekuwa amemaliza darasa la saba, hodari kuliko wote. Alikuwa akiishi na bibi yake, Bibi Kandida, mjane, wawili tu nyumbani, na shamba lao lilikuwa bondeni nje kidogo ya mji, njia ya kwenda kivukoni. Nilijua hayo yote. Sikuyaunganisha.

Asubuhi moja Bibi Kandida akaja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakaa mwisho wa benchi kama mteja. Vijana wakaendelea kushangilia, maana hawakumwona. Deo alikuwa anazidungua ndege, kundi linaanguka, kundi jingine linakuja. Bibi akatazama mpaka zile za kwanza zikaisha.

"Na hao mnaowapiga," akauliza, "wanakula mpunga wa nani?"

Deo aligeuka, pedi ikamdondoka. Bibi hakumgombeza. Aliinuka, akaniwekea kiganjani suke moja la mpunga, akatoka. Lilikuwa jepesi kama unyoya. Nilipolibonyeza, kila punje ilikuwa tupu.

Wanangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Na hofu ilifuata nyuma yake, kwa sababu jioni ile mwenyekiti wa mtaa alikuja na kufuli. Kufuli kubwa la shaba, jipya, ufunguo bado umefungwa kwa uzi. Akasema wazazi wamelalamika, na yeye hapendi maneno mengi. Bibi Kandida akivuna chakula chake kama mwaka uliopita, banda litaendelea. Akipungukiwa, kufuli lile linakaa mlangoni kwangu na halitoki. Akalitia mfukoni. Kila alipopita baada ya siku hiyo alilipapasa mfukoni ili nisilisahau. Banda ndilo lililokuwa linawasomesha mama zenu, na vitumbua nilikuwa nimeshavisahau hata kipimo cha hamira. Maisha yangu yakawa yanategemea mpunga wa mtu mwingine.

Nikaenda kwa Masanja. Alikuwa ameinamia redio, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ndege wanakula saa ngapi. Nikamwambia, hilo kila mtoto wa bonde analijua: alfajiri mpaka jua lipande, halafu jua likiinama. Mchana wa jua kali wanapumzika kwenye matete.

"Basi na wewe fungua wakilala," akasema. "Wakiamka, funga."

Ndivyo tulivyofanya. Banda likafunguliwa jua la utosi na kufungwa jua likianza kulegea. Na vijana wote wakapangana zamu kwenye dungu la Bibi Kandida, juu ya kazi ya mashamba ya kwao. Niliwaambia ukweli: shamba lile likiliwa, hakuna gemu tena, si ya magari, si ya ngumi, si ya kitu chochote. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Masanja akatoa tepu za kaseti za muziki zilizokufa kibandani kwake, zile nyuzi ndefu za kahawia, wakazitandaza toka mti hadi mti juu ya mpunga. Upepo ukipita zilivuma, na mwenyewe alijisifu kwamba hata zikiwa zimekufa bado zinaimba.

Kilichobaki ni ushahidi. Kijana atasema ametoka kuamia, utajuaje? Hapo ndipo nikapindua sheria yangu. Mlangoni, kabla ya kunawa, onyesha mikono. Anayerusha vidonge vya udongo tangu alfajiri mikono yake haiwezi kuwa safi. Mwenye udongo, ananawa, anaingia. Mwenye mikono safi anarudi alikotoka. Kuna kijana mmoja mtanashati alinililia akisema mimi ndiye niliyemfundisha usafi.

Bibi Kandida aliposikia hakucheka, lakini kesho yake mchana alikuja na kigoda chake, akakiweka pembeni ya ndoo yangu. Ukaguzi akauchukua yeye. Alikuwa anashika kiganja, anakisugua kwa kidole gumba, anaitikia kwa kichwa. Zilipita siku kadhaa kabla sijagundua kwamba amekuwa akikaa mpaka tunafunga, na kwamba kwenye gemu ya mpira alikuwa na timu anayoishangilia.

Sasa, alikuwapo kijana mmoja aitwaye Remi, bingwa wa ngumi. Bingwa kweli, ila mvivu wa kuamka. Siku ya zamu yake ya alfajiri, Bibi alikuwa msibani kwa jirani, na Deo kampeleka kwa baiskeli. Hivyo shamba lilikuwa mikononi mwa Remi peke yake. Mchana ulipofika, Bibi na Deo walikuja moja kwa moja kutoka msibani, Deo akaingia, Bibi akakaa kwenye kigoda. Remi akatokea, mikono imepakwa udongo hadi kwenye viwiko. Kwa kweli ulikuwa mwingi kupita wa siku zote.

Bibi akakishika kiganja. Akasugua. Akasugua tena, safari hii taratibu.

"Remi, baba," akasema, "huu ni udongo wa kisimani."

Mimi nilikuwa nimeuona udongo, nikatosheka nao. Yeye aliona zaidi. Udongo wa bondeni ni mweusi, ukikauka unapasuka, na hautoki kwenye kucha hata unawe vipi. Ule wa Remi ulikuwa wa kichanga, rangi ya majivu, ulidondoka kama unga alipousugua. Remi akatazama chini. Hakuna aliyehitaji kumuuliza alikuwa wapi alfajiri. Kisha Bibi akainua macho juu, nami nikainua yangu, nikaelewa kilichomshtua. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Siku ya mawingu ndege hawapumziki, na shambani hakukuwa na mtu tangu alfajiri. "Shamba!" nikapiga kelele.

Ndani, Deo alikuwa amefika mahali kwenye gemu ya ndege ambapo hakuna aliyewahi kufika. Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Aliposikia shamba likitajwa mlangoni, akaiweka pedi chini. Hata gemu hakuisimamisha. Akapita katikati yao, akadaka baiskeli, na banda zima likamfuata. Nilibaki nao mlangoni kwa muda mfupi tu, Bibi na Remi, nyuma yetu gemu ikiendelea kupiga muziki wake peke yake kwa watu ambao hawapo. Remi akaleta baiskeli yake mbele ya Bibi, akapangusa kiti cha nyuma kwa mikono ile ile ya uongo. Bibi akapanda. Sijawahi kumwona kijana akikanyaga pedeli vile. Mimi nilifunga mlango kwa kipande cha kamba nikawafuata kwa miguu.

Nilipofika walikuwa wameshawainua. Ndege walikuwa wakizunguka juu ya bonde, na kila walipotaka kutua upande mmoja, upande huo kulikuwa na kijana na fimbo. Vijana wale wa magari, wa mpira, wa ngumi, wote wamezama kwenye matope hadi magotini wakirusha udongo. Na walikuwa wanapiga kelele zile zile za bandani, mmoja anarusha na wengine wanamshauri. Wakaendelea mpaka ndege wakachoka na kuondoka kuelekea mtoni. Hakuna aliyekumbuka kula.

Bibi Kandida alipita kwenye mpunga wake akishika masuke, moja huku, moja kule. Sehemu ya chini, karibu na matete, ilikuwa imekwisha. Alirudi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Remi alipanda kwenye dungu siku ile, na naweza kusema hakushuka mpaka mavuno. Chakula alikuwa anapelekewa na Deo.

Mpunga ukavunwa, ukapigwa, ukapepetwa, ukabebwa kwa baiskeli kuingia mjini. Siku hiyo mwenyekiti alikuja mbele ya banda langu, na watu wakajaa, kwa sababu Ifakara habari haihitaji kutangazwa. Alikuwa amelishika kufuli mkononi. Akauliza kama mavuno ya Bibi Kandida yamefikia ya mwaka uliopita.

Hayakufikia. Kila mtu aliyaona magunia. Vijana walikuwa wameinamisha vichwa, Masanja akajifanya anachunguza waya wa ukuta. Nami nilikuwa nimeshawaza kununua unga wa vitumbua. Mwenyekiti akageuka kunitazama, na nitamsifu kwa hili, alikuwa mtu wa neno lake na halikumfurahisha.

Bibi akainuka kwenye kigoda chake.

"Mwenyekiti, umeyapima magunia, sasa pima na hili," akasema. "Tangu nifiwe na mume wangu, mimi na mjukuu wangu tumekuwa tukiamia wawili. Mwaka huu nimekuwa na watoto wa mtaa mzima. Ukilifunga banda hili, mwakani nani atakuja kuniamia?"

Bibi akanyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayekaguliwa mlangoni kwangu.

"Na hilo kufuli nipe mimi. Nina mpunga ndani, na mlango wangu hauna kitu."

Mwenyekiti akalitia kiganjani mwake. Sijui nani alianza kushangilia, ila nadhani alikuwa Remi. Kesho yake Bibi alituletea pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, tukaula bandani. Nilimsihi ajaribu gemu ya ndege. Alishika pedi dakika moja, akazipigia kelele zile ndege waziwazi, zikampiga. Akanirudishia akisema ndege wasiotishika kwa kelele hana muda nao.

Banda liliendelea miaka mingi, na kila mpunga ulipoweka maziwa tulibadili saa za kufungua, na kigoda kikarudi mlangoni. Kisha zikaja video, zikaja simu, na siku moja nikajikuta nimekaa na mashine zangu peke yangu. Sikulia. Nilifungua pedi zote nizisafishe kabla ya kuziweka, na chini ya vifungo nikakuta udongo mweusi umeganda, uliopita kwenye kucha zao pamoja na ukali wangu wote wa ndoo na sabuni. Pamba ninayo, spiriti ninayo. Niliufunika kama ulivyo.

Bibi Kandida ametangulia, Mungu amrehemu. Kufuli lipo. Lipo pale pale kwenye mlango wa ghala la Bibi, limekuwa jeusi, na anayelifungua sasa ni Deo, ambaye ana mvi na shamba ni lake.

Jana alipita hapa kunisalimu. Alisema mpunga umeanza kuweka maziwa, na kwelea wameonekana. Aliwaulizia ninyi.

Haya, nionyesheni mikono tena. Safi mno hiyo. Baiskeli ziko nje, na simu zenu nitawashikia mimi.